Kuchambua maana ya neno kwa sifa zake: tuanze na dagaa wa Kibirizi

Kazi hii huanzia kwenye daftari, kompyuta baadaye. Mimi huanza na maneno ya mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, maana ndiyo ninayoyasikia kila siku.

Hatua ya 1. Chagua maneno machache yanayokaa pamoja: mvuvi, mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika), dagaa, mtumbwi.

Hatua ya 2. Tafuta sifa zinazoyatenganisha. Kila sifa iwe swali la ndiyo au hapana: ni kiumbe? ni binadamu? huliwa? Wataalamu Katz na Fodor walichambua maana kwa vijenzi vya namna hii mwaka 1963. Nilipoishia kwenye hizo tatu, dagaa na mgebuka walitoka sawa kabisa. Jibu nililipata kwa wauzaji: mgebuka unauliza "mmoja bei gani?", dagaa unauliza "kisado bei gani?" Basi sifa ya nne: huuzwa au huhesabiwa mmojammoja?

Hatua ya 3. Ndiyo andika 1, hapana 0.

mvuvi: 1 1 0 1
mgebuka: 1 0 1 1
dagaa: 1 0 1 0
mtumbwi: 0 0 0 1

Hatua ya 4. Jaribu kila sifa kwenye sentensi. Hapa usiharakishe. Niliwahi kuandika kwamba dagaa mkavu si kiumbe, kwa kuwa ameshakufa. Programu yangu ya kompyuta, iliyotumia sifa hizo, ikaanza kugeuza "dagaa hawa wamekauka" kuwa "dagaa hizi zimekauka". Sarufi yetu haiulizi kama anapumua: kuku akiwa sufuriani bado tunasema "ameiva", ila nyama yake "imeiva". Na dagaa kwa maana ya mtu asiye na cheo, yule anayekamatwa mapapa wakiachwa? Mpe mstari wake.

Hatua ya 5. Pima ukaribu wa maana; jibu likikaribia 1, maneno yanakaribiana. Hesabu sifa ambazo maneno yote mawili yana 1, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha zao la idadi ya 1 za kila neno. Dagaa na mgebuka: 2 kwa kipeuo cha 6, yaani 0.82. Dagaa na mvuvi: 0.41. Dagaa na mtumbwi: 0.

Hatua ya 6. Sasa washa kompyuta. Word2vec, programu ya mwaka 2013, hujitafutia tarakimu za kila neno kutokana na maneno jirani, mara nyingi mamia, na hazina majina kama sifa zetu. Tenganisha viambishi kwanza, la sivyo "wamevuliwa" na "tutavua" zitaonekana hazijuani. Kisha angalia "vua": itapewa safu moja tu ya tarakimu, kuvua samaki na kuvua shati humohumo. Kwenye daftari, iandikie mistari miwili.