Homa inayokuja wiki kadhaa baada ya korona: mzazi uangalie nini na ufanye nini

Wengi tunajua korona kwa watoto ni mafua ya siku mbili tatu na yanaisha, na kwa watoto wengi ndo hivyo kweli. Ila kuna hii kitu inaitwa MIS-C, yaani ugonjwa wa watoto unaowasha viungo vingi vya mwili kwa pamoja baada ya korona, yenyewe haiji siku zile mtoto anapiga chafya, inakuja wiki 2 mpaka 6 baadaye, mtoto kashapona kasharudi kucheza na nyie mmeshasahau, na mara nyingi hamkujua hata kama aliugua maana hakuonyesha dalili. Ilianza kuripotiwa Uingereza mwezi wa 4 mwaka 2020, na mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) wakatoa vigezo vya kuitambua. Virusi vimeshaondoka, lakini kinga ya mwili haitulii, inawaka kupita kiasi na kuumiza mwili wenyewe: moyo, tumbo, ngozi, figo, mishipa ya damu.

Kwahiyo cha kwanza kabisa ni tarehe. Mtoto akipata korona, au mtu yeyote nyumbani akipata, andika siku hiyo kwenye simu. Hospitali watakuuliza homa imeanza lini, we ongezea mwenyewe bila kuulizwa "wiki 4 zilizopita nyumbani kulikuwa na korona", hiyo sentensi moja inaweza kumfanya daktari afikirie kitu ambacho asingekifikiria.

Cha pili pima joto na themometa, usitumie kiganja. Ni homa ya nyuzi 38 kwenda juu, isiyoelewa dawa, inashuka saa chache inarudi tena. Halafu angalia inaambatana na nini. Tumbo ndo linadanganya watu sana, maumivu makali, kutapika, kuharisha, kuna watoto wameshadhaniwa wana kidole tumbo. Macho yanakuwa mekundu yote mawili lakini bila matongotongo, midomo inakauka na kupasuka, ulimi unakuwa mwekundu wenye vinundu, viganja na nyayo vinavimba, vipele au mabaka mwilini, tezi za shingo zinavimba. Si lazima zote zije pamoja. Mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, mwangalie kwenye mwanga wa jua, viganjani, ndani ya midomo na kwenye weupe wa jicho.

Wengi wanaopata wana miaka kati ya 5 na 13 hivi, lakini mpaka vijana wa sekondari wanapata, na hao ndo wabaya kidogo, kijana anakwambia "nipo poa" huku amelala siku nzima.

Homa ikiwa na dalili mojawapo ya hizo nenda hospitali siku hiyohiyo. Na hizi zifuatazo ni za kukimbia sasa hivi hata kama ni usiku wa manane: anapumua kwa shida, kifua kinamuuma, anaongea vitu havieleweki au haamki vizuri, midomo imebadilika rangi, hajakojoa muda mrefu, mikono na miguu ya baridi wakati mwili unachemka. Kuna kipimo kidogo unaweza kufanya mwenyewe, bonyeza ukucha wake sekunde 5 kisha achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2, ikichelewa ujue damu haizunguki vizuri, presha inaweza kuwa inashuka.

Kabla hujafika mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake na maji kidogokidogo. Aspirini usimpe kwa akili yako, homa ya virusi ikichanganyika na aspirini inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Baadaye daktari anaweza kuiandika kwa dozi ndogo kuzuia damu kuganda, ila hiyo ni kazi yake. Antibayotiki za kubahatisha nazo achana nazo.

Hospitali, kipimo cha korona cha puani kikirudi negativu msirudi nyumbani mnashangilia, wakati huo kirusi mara nyingi hakipo tena, kinachoonekana ni kingamwili kwenye damu, yaani askari wa mwili waliobaki baada ya kupambana nacho. Uliza kama wamepima CRP (inaonyesha kama mwili unawaka ndani), chembe za damu, figo, troponini (inaonyesha kama misuli ya moyo imeumia), na kama atafanyiwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi ya moyo. Moyo ndo wa kuogopa hapa, misuli yake inalegea na mishipa inayoulisha inaweza kutanuka. Matibabu ni imunoglobulini (kingamwili zilizotolewa kwenye damu za watu wengine) kwa dripu, kawaida gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, pamoja na steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili), na wengi wanaanza kuchangamka ndani ya siku chache. Vifo vipo lakini ni vichache, na tangu aina ya kirusi cha korona iitwayo Omicron iingie ugonjwa umepungua sana, na chanjo ya korona nayo inapunguza hatari.

Mkisharuhusiwa bado hamjamaliza. Kliniki ya moyo usiruke hata kama mtoto anaruka sarakasi, mpira na mbio zisubiri miezi 3 mpaka 6 hadi daktari aseme sawa, hapo utagombana naye sana haswa kijana wa mpira lakini kaza. Steroidi zinapunguzwa taratibu, usizikatishe ghafla. Na kama alipewa imunoglobulini, chanjo za surua na tetekuwanga zinasogezwa mbele karibu miezi 11 maana zinaweza zisishike, mkumbushe nesi wa chanjo kabla hajachoma.