Kupima kazi ya CD39 na CD73 kwenye seli za leukemia

Seli iliyoumia humwaga ATP, molekuli ya nishati, nje, na ATP hiyo ni king'ora kwa kinga ya mwili. Seli za leukemia sugu ya limfosaiti (saratani ya seli B za damu) hukizima kwa vimeng'enya vilivyo juu ya utando wake: CD39 huikata ATP kwa kuiondolea fosfati hadi ibaki AMP, kisha CD73 huondoa fosfati ya mwisho na kuigeuza AMP kuwa adenosini. Adenosini hushika kipokezi cha A2A kwenye seli T, cAMP, ishara ya ndani ya seli, hupanda, na seli T hupunguza kugawanyika na kutoa interferoni gama, protini ya kuchochea kinga.

Usiishie kuandika "CD39 ipo". Seli B za mtu mwenye afya nazo zinayo. Pima kama mnyororo mzima unafanya kazi.

Hatua ya 1: damu. Tumia chupa ya heparini, yenye kifuniko cha kijani. Ile ya zambarau ina EDTA, kizuia damu kuganda ambacho hunasa kalsiamu na magnesi zinazohitajiwa na CD39. CD73 nayo hutegemea zinki.

Hatua ya 2: kutenga na kuosha. Tenga seli kwa Ficoll, kimiminika kizito kinachozitenganisha damu inapozungushwa kwenye mashine. Seli za kupima kazi ya vimeng'enya usizioshe kwa PBS, maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati! Kipimo chetu kinasoma fosfati, na PBS imejaa fosfati: kila kisima cha sahani ya kupimia chenye seli kitageuka kijani, uwe umeweka AMP au hukuweka. Tumia bafa ya HEPES yenye chumvi, glukosi, magnesi milimola 2 na kalsiamu milimola 1. Vyombo vilivyooshwa kwa sabuni yenye fosfati huleta balaa lile lile, kwa hiyo chukua plastiki mpya.

Hatua ya 3: saitometa, mashine inayosoma seli moja moja kwa mwanga. Paka kingamwili za CD19, CD5, CD39 na CD73, pamoja na rangi ya seli zilizokufa. Chagua seli hai kwanza, kisha zenye CD19 na CD5 kwa pamoja, alama za seli za leukemia hii. Ukisoma limfosaiti zote utahesabu pia seli T za kudhibiti, ambazo zina CD39 yake.

Hatua ya 4: kazi yenyewe. Andaa visima hivi: seli peke yake; AMP bila seli; seli na AMP; seli pamoja na AMP na APCP (kizuizi cha CD73). Rudia kwa ATP, na ARL67156 kama kizuizi cha CD39. Weka kwenye nyuzi 37, chukua maji ya juu, ongeza malakaiti kijani, rangi inayoonyesha fosfati, soma kwenye nanomita 630. Fosfati inayotoka licha ya APCP huenda ni ya fosfatesi alkali, kimeng'enya kingine. Ijaribu kwa levamisoli, kizuizi chake.

Kama ATP inakatwa lakini AMP haiguswi, usiseme seli hizo hazina madhara. Seli jirani yenye CD73 kwenye tezi za limfu inaweza kumalizia kazi, na CD73 nyingine huelea kwenye plazma.

Hatua ya 5: seli T za mchangiaji wa damu. Zitie CFSE, rangi inayofifia kila seli inapogawanyika, zichochee kwa kingamwili za CD3 na CD28, uziweke pamoja na seli za leukemia na ATP. Safu moja iwe na APCP, nyingine na ZM241385, kizuizi cha A2A. Mgawanyiko ukirudi katika zote mbili, adenosini ndiyo iliyokuwa ikizituliza seli T. Ongeza safu ya NECA, kifananishi cha adenosini: seli T zisipotulia hata hapo, tafuta mchangiaji mwingine wa damu.