Kutoka kwenye madeni kwa kipato hicho hicho: somo kwa wanakikundi

Habari za wakati huu, wapendwa. Somo la leo ni la yule ambaye mshahara au mauzo ya siku yakiingia tayari yana wenyewe: rejesho huku, deni la duka la mangi kule, mkopo wa simu unakatwa kabla hujaigusa pesa. Namna ya kuongeza kipato ina somo lake siku nyingine. Leo tunafanya kazi na pesa ile ile unayoipata sasa.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Kubana matumizi peke yake hakulipi deni. Nawajua watu wanaobana kweli kweli, wanapika kwa mpango, wanatembea badala ya kupanda bodaboda, na mwisho wa mwezi madeni yako pale pale. Kile walichookoa kilibaki kwenye pochi au kwenye simu, kikapata kazi nyingine. Pesa uliyookoa leo inatakiwa itoke leo hii, iende kwenye deni moja ulilolichagua. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Andika madeni yote

Chukua daftari. Andika anayekudai, salio lililobaki, kiasi cha rejesho, siku ya rejesho, na kitakachotokea ukichelewa. Weka na yale ambayo watu hawayahesabu: laki uliyopewa na shemeji, ahadi ya mchango wa harusi, ada iliyobaki shuleni, daftari la mangi. Kama mnaishi wawili, kaeni wawili. Deni ambalo mmoja analijua peke yake litalipwa kwa pesa ya chakula, na mwenzake atashangaa mboga inakwenda wapi.

Hatua ya 2: Tafuta bei halisi ya kila deni

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Tuchukue mkopo wa kausha damu wa aina inayozunguka mitaani kwetu. Unakopa laki moja. Wanakata 5,000 ya fomu, mkononi unapokea 95,000. Rejesho ni 4,500 kila siku kwa siku 30, jumla 135,000. Ukiulizwa utasema riba ni asilimia 35. Sasa fuata siku zinavyokwenda. Siku ya 15 umesharudisha 67,500. Zaidi ya nusu ya ulichopewa haipo tena kwako, lakini riba inahesabiwa kana kwamba laki nzima bado unaizungusha. Siku ya 22 umerudisha 99,000, yaani umeshapita kile ulichopokea, na bado unadaiwa siku 8 za 4,500, ambazo ni 36,000. Ukizingatia kwamba kwa wastani wa mwezi mzima ulikaa na nusu tu ya ile pesa, gharama yake ni karibu mara mbili ya hiyo asilimia 35.

Mikopo ya mwezi kwa mwezi nayo ina mtego wake. Tuseme 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anapiga riba kwenye mkopo mzima kila mwezi: 42,000 mara 12, unalipa riba ya 504,000. Wa pili anapiga riba kwenye salio linalopungua, na kila mwezi unapunguza laki moja ya mkopo wenyewe. Riba yote inakuwa 273,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni 231,000. Kwa hiyo usimuulize mkopeshaji "riba ni ngapi" ukaishia hapo. Muulize: nikichukua kiasi hiki, mpaka namaliza nitakuwa nimetoa shilingi ngapi, pamoja na fomu, bima na kila kitu?

Jambo lingine ulijue. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kampuni ya mikopo lazima iwe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za daraja la pili, yaani zile zinazokopesha bila kupokea amana. Anayekutoza asilimia 30 kwa mwezi huku hana leseni hana pa kukushtaki kwa raha. Dai nakala ya mkataba wako na uisome. Na kadi ya benki usimkabidhi mtu, wala namba ya siri.

Hatua ya 3: Simamisha mikopo mipya

Hii ni fupi lakini ngumu. Kukopa huku ukalipe kule kunaruhusiwa kwa sharti moja: mkopo mpya uwe na gharama ndogo kuliko wa zamani, na pesa yote iende kulipa ule wa zamani siku hiyo hiyo. Futa programu za mikopo kwenye simu. Zima na ile huduma ya kukamilishiwa muamala salio lisipotosha. Ada yake ya kila siku huonekana ndogo mpaka uijumlishe ya wiki.

Hatua ya 4: Panga foleni

Wengi wetu tunamlipa kwanza anayepiga kelele. Anayekuja mlangoni na kutukana ndiye anayepewa, na deni linalotafuna zaidi linaendelea kutafuna kimya kimya. Panga kwa gharama: lile ghali kuliko yote ndilo la kwanza, mengine unalipa rejesho la kawaida tu. Deni lingine linaruka foleni endapo limeshika kitu kinachokuingizia pesa, kama cherehani, pikipiki au friji ya biashara.

Ndugu na majirani waliokukopesha bila riba wanakaa mwisho, ila usiwakimbie. Nenda mwenyewe kabla hawajakufuata. Mwambie shemeji, "Nimeanza kulipa madeni kwa mpango, lako naanza kulipunguza mwezi wa nne, kwa sasa pokea hii elfu kumi." Heshima ya namna hiyo inanunua muda ambao pesa isingeununua.

Hatua ya 5: Pesa ya kulipia itoke humo ndani

Jikoni ndiko kwenye nyingi. Vitu vya kupima vinakula sana. Mafuta ya 500 kila siku ni 15,000 kwa mwezi. Fanya jaribio la wiki moja: kila ukipimiwa, mimina kwenye chupa ya maji ya lita moja uone yamefika wapi, kisha linganisha na bei ya dumu la lita 5. Fanya hivyo kwa sukari, sabuni ya unga na mkaa wa kopo. Ukikosa mtaji wa dumu, ungana na majirani wawili mgawane. Tahadhari yangu ni moja: kitu kinacholiwa haraka kikiwa kingi ndani, kama sukari au vitafunwa vya watoto, kukinunua kwa jumla si kuokoa.

Maharage yaloweke usiku kucha, uyachemshe ya siku tatu kwa moto mmoja, utenge ya kuunga kila siku. Mkaa unaopungua hapo utauona mwenyewe kwenye gunia.

Umeme: kama uko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo zinaruka hadi 350. Pasi, birika na hita ya maji ndivyo vinavyokuvusha. Piga pasi nguo za wiki nzima mara moja. Na wewe mpangaji, ile 1,500 ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni ya mwenye nyumba. Iandike, mkubaliane iondolewe kwenye pango. Kwa mwaka ni 18,000.

Simu: toa pesa kwa wakala mara moja kwa wiki, si elfu tano tano kila siku. Makato ya kiasi kidogo ni makubwa ukiyapima na kilichotolewa.

Hatua ya 6: Hamisha siku hiyo hiyo

Jioni kabla ya kulala, hesabu kilichookolewa leo. Kama mkopeshaji anapokea malipo ya ziada, tuma. Kama hapokei mpaka siku ya rejesho, weka kwenye kibubu kisichofunguka mpaka ukivunje au umpe mweka hazina wa kikundi akuandikie. Usikiache kwenye simu. Na kabla ya kulipa ziada, uliza kama inapunguza riba. Kwa mkopeshaji anayepiga riba kwenye mkopo mzima, mara nyingi ukimaliza mapema unalipa riba yote vile vile. Huyo mlipe kwa ratiba, ziada ipeleke kwa anayepunguza.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina kausha damu mbili na mume wangu hajui hata moja. Naogopa. Nianzie wapi?*

Marahaba mwanangu. Anza na daftari la hatua ya kwanza, likamilike. Usiende kwake na kilio, nenda na karatasi yenye jumla na mpango wa kulipa. Kama unahofia hasira yake, mchukue mtu mzima anayemheshimu, shangazi au mshenga wenu, awepo. Ukisubiri, atasikia kutoka kwa mtu wa marejesho aliyesimama mlangoni, na hiyo ni mbaya zaidi.

*Mimi ni mtumishi wa umma. Mkopo wa benki umebaki miaka mitatu, afisa mikopo anasema nifanye top up nimalize madeni madogo. Mnashauri?*

Kaka, inategemea vitu viwili. Kwanza, muda. Wakikuongezea pesa wakarudisha mkopo kuwa wa miaka sita au saba, yale madeni madogo ya miezi michache umeyageuza ya miaka. Omba jumla ya makato yote mpaka mwisho kwa maandishi, uilinganishe na jumla ya sasa pamoja na hayo madeni madogo. Pili, pesa ikiingia, lipa madeni asubuhi hiyo hiyo kabla hujapita dukani. Kumbuka pia kanuni ya theluthi moja: makato hayatakiwi kukuacha na chini ya theluthi ya mshahara wako. Usikubali kusogezwa mpaka ukingoni kwa sababu tu kanuni inaruhusu.

*Je, nikope ninunue mtungi wa gesi ili niachane na mkaa?*

Usikope kausha damu kwa ajili hiyo. Andika mkaa wa mwezi mmoja kwanza. Kisha muulize jirani mwenye familia kama yako mtungi wa kilo 6 unamchukua siku ngapi. Hesabu ikikubali, nunua kwa zamu yako ya mchezo, ule wa kuchangishana na kupokezana pesa. Maharage na makande endelea nayo kwenye mkaa mpaka deni liishe, mengine pika kwa gesi.

*Dada, programu moja ya mikopo inawatumia meseji watu wote niliowahifadhi kwenye simu, mpaka bosi wangu. Nifanyeje?*

Pole sana dada. Kwanza hifadhi ushahidi: piga picha za meseji na andika tarehe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Angalia kama hiyo yako imo. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Peleka malalamiko huko na polisi pia. Kiasi ulichokopa kihesabu mwenyewe, ujue unachodaiwa kweli na kile wanachojiongezea.

*Kikundi chetu cha akina mama tunafikiria mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, tugawane tulipe madeni. Hauna riba.*

Kweli hauna riba: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Lakini unatolewa kwa mradi. Mkigawana mkalipe madeni, mradi hautakuwepo, na marejesho yatatoka kwenye pesa zile zile zilizoshindwa kulipa mwanzo. Tena kikundi kizima kitadaiwa. Msifanye. Kama mna mradi wa kweli, omba kwa ajili ya mradi, na faida ya kila mmoja iende kwenye daftari lake.

*Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kila mara nakopa. Hapo natokaje?*

Mwombe miezi mitatu mitatu, ukiwa umekwenda na pesa mkononi. Wengi hulegea wakiiona. Akikataa, gawa kodi kwa wiki 26 na uitenge kila wiki kana kwamba ni rejesho. Mara ya kwanza itakubana kwa sababu utakuwa unalipa mkopo wa kodi iliyopita na kutenga ya mbele kwa pamoja. Tenga hata nusu. Mzunguko unaofuata utakopa nusu, na ule wa baada yake huenda usikope.

*Tuko kumi kwenye mchezo wa 50,000 kwa mwezi. Mimi nimepangiwa wa nane. Nina deni la laki nne linaloniua.*

Nenda leo kwa kijumbe, yule anayesimamia mchezo wenu, mweleze ukweli, omba mtu wa zamu ya mwanzo mbadilishane. Mchezo unatoa 500,000 bila riba yoyote. Ukiipokea mapema, laki nne ilipe siku hiyo na laki moja inayobaki iweke kama michango yako ya miezi miwili ijayo, ili usije ukayumba na kumkosesha aliyekupisha. Atakayekubali kubadilishana mshukuru kwa kutoa mchango wako kabla ya tarehe kila mwezi.