Kumpatia uraia mtu asiye na karatasi: hatua kwa hatua, kwa mfano wa Kyrgyzstan

Julai 2019 Kyrgyzstan ilitangaza kwamba imemaliza kesi zote zilizojulikana za watu wasio na uraia ndani ya mipaka yake, nchi ya kwanza duniani kufika hapo. Tangu 2014 watu 13,707 walikuwa wamepata hati, watoto wakiwa zaidi ya 2,000. Sisi wasaidizi wa kisheria tunaohangaika na vyeti na vitambulisho tuna mengi ya kuiga, hasa mpangilio wa kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Jua karatasi ilipotelea wapi

Usianze kwa kumuuliza mtu kama ana uraia. Atajibu "ninao", maana hapo ndipo kwao. Muulize ana karatasi gani mkononi, nani aliitoa, na mwaka gani.

Kule majibu yaliangukia mafungu machache. Kuna waliobaki na pasipoti ya Kisovieti ya mtindo wa 1974. Dola iliyoitoa ilikufa Desemba 1991, wao wakaendelea kulima na kuzaa. Kuna walioolewa. Bonde la Ferghana limegawanywa kati ya Kyrgyzstan, Uzbekistan na Tajikistan, na zamani binti kuolewa kijiji cha pili halikuwa jambo la wizara yoyote. Kisha mstari wa kwenye ramani ukawa mpaka wenye askari, na bibi harusi akajikuta mgeni jikoni kwake. Wengine waliupoteza uraia wa Uzbekistan kwa kukaa nje miaka bila kujiandikisha ubalozini.

Fungu moja lisikuchanganye. Ghasia za Juni 2010 za Osh na Jalal-Abad, kusini mwa Kyrgyzstan, zilifukuza mamia ya maelfu ya watu makwao, na nyumba zikaungua pamoja na vyeti. Hao ni raia waliopoteza hati. Wanachohitaji ni nakala. Ukiwaweka kwenye foleni ya kuomba uraia, umewavua kitu walichokuwa nacho.

Hatua ya 2: Wafuate waliko

Asiye na hati haji ofisini. Nauli hana, na anaogopa kuulizwa kibali cha kukaa. Ndiyo maana wanasheria wa Ferghana Valley Lawyers Without Borders, wakiongozwa na Azizbek Ashurov, walikwenda vijijini kwa magari, na kwenye milima isiyopitika, kwa farasi. Kazi hiyo ilimpa Ashurov Tuzo ya Nansen ya 2019, inayotolewa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Kwa maoni yangu siri haikuwa farasi. Siri ilikuwa kwenda pamoja na maofisa wa serikali. Mwanasheria akienda peke yake anarudi na orodha. Akienda na ofisa wa usajili, jalada linafunguliwa pale pale.

Hatua ya 3: Jenga ushahidi

Hapa ndipo penye kazi. Sheria ya uraia ya 2007 iliwatambua waliokuwa raia wa Kisovieti, wanaoishi nchini kwa miaka mitano au zaidi, ambao hawakudai uraia wa nchi nyingine. Kwa hiyo kila jalada linajibu mambo mawili tu: ameishi hapa, na hana kwingine.

La kwanza linathibitishwa na vitu vya kawaida: kitabu cha kazi cha enzi za Kisovieti, rejesta ya shule, vyeti vya watoto, barua ya serikali ya kijiji, maelezo ya majirani. Chukua maelezo ya kila jirani peke yake, si barazani wanakosikilizana. Mzee akishindwa kutaja mwaka, mshikize kwenye tukio. "Sarafu ya som ilipoanza, huyu mama alikuwa ameshaolewa hapa?" Som ilianza Mei 1993, na hakuna aliyesahau siku hela ilipobadilika.

Hatua ya 4: Iulize nchi ya pili

Iandikie rasmi kuuliza kama inamtambua mteja kuwa raia wake, tunza nakala na tarehe, kisha fuatilia. Na usimruhusu mteja akane uraia wa zamani kabla hajahakikishiwa mpya kwa maandishi. Ukikana huku na ukakataliwa kule, umetengeneza kesi ambayo haikuwapo.

Hatua ya 5: Watoto

Mama asiye na hati hakuweza kumwandikisha mwanawe, na tatizo likarithiwa. Mwaka 2020 Kyrgyzstan ilibadili sheria ili kila mtoto aandikishwe, hata kama wazazi hawana karatasi. (Wanaofuatilia Wamakonde wa Kwale, Kenya, walioishi miaka mingi bila uraia na waliotembea kwa miguu kuelekea Nairobi 2016 kudai vitambulisho, wanajua mtoto asiye na cheti anavyokwama akifika umri wa kitambulisho.)

Kabla hujafunga jalada la mama, hesabu wanawe wote, hata waliokwisha oa, na umwombe akuonyeshe cheti cha kila mmoja. Asiye nacho afunguliwe jalada lake siku hiyo hiyo, majirani wakiwa bado wapo uani.