Jinsi ya Kuunganisha Ofisi ya Pili kwenye Mfumo wa Simu za Intaneti

Mwenzangu aliniomba nimsaidie kuweka simu katika ofisi yao ya pili. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja, lakini tuliondoka pale saa sita usiku, na karibu muda wote huo uliishia katika hatua ya nne. Nachukulia kwamba ofisi ya kwanza tayari ina seva ya Asterisk (programu inayoendesha simu) inayofanya kazi, iwe yenyewe au kupitia FreePBX, kurasa za kuisanidi kwa kivinjari, na kwamba simu zinatumia SIP, itifaki ya kuanzisha na kukata simu.

Hatua ya 1: Tumia seva moja

Usiweke seva nyingine katika ofisi ya pili. Seva mbili zina maana ya orodha mbili za namba za ndani, nakala mbili za akiba na makosa mawili ya kutafuta. Ofisi ya pili inahitaji simu, swichi yenye kutoa umeme kupitia waya wa mtandao, na ruta nzuri tu. Kwa kuwa intaneti ikikatika ofisi hiyo itabaki bila simu, iwekee laini ya akiba.

Hatua ya 2: Pima intaneti

Kodeki ya G.711, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, hubeba sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde, lakini vichwa vya pakiti (anwani na maelezo yanayotangulia kila kipande cha data) huifikisha takriban 87 kila upande, na ndani ya handaki la VPN, njia iliyosimbwa kupitia intaneti, hupita 100. Mimi hukadiria 120, hivyo mazungumzo 10 ya wakati mmoja yanahitaji megabiti 1.2 za kupakia na 1.2 za kupakua. Angalia zaidi kasi ya kupakia, kwa sababu ndiyo huwa ndogo. Ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150.

Hatua ya 3: Unganisha ofisi kwa handaki

Kila ofisi iwe na anwani zake, kwa mfano 192.168.10.0/24 ya kwanza na 192.168.20.0/24 ya pili. Zikifanana, ruta haitajua pakiti iende wapi. Kwa VPN hiyo napendelea programu ya WireGuard kuliko njia nyingine zote, kwa sababu usanidi wake ni mistari michache inayosomeka. Weka PersistentKeepalive = 25 upande wa ofisi ya pili, ili handaki libaki wazi hata likiwa kimya. Tafadhali usikwepe hatua hii kwa kufungua poti 5060, ile ya SIP, kwa dunia nzima: wapo wanaotafuta seva za namna hiyo usiku na mchana ili wapige simu za kimataifa kwa gharama yako.

Hatua ya 4: Iambie seva kwamba ofisi ya pili ni ya nyumbani

Simu zilijisajili mara moja, nasi tukaamini kazi imekwisha. Mwenzangu akainua mkono wa simu, akabonyeza *43, namba ya FreePBX ya kujaribu mwangwi. Maelezo aliyasikia vizuri kabisa, lakini aliposema "haloo", sauti yake haikumrudia. Muda mfupi baadaye simu ikakatika. Tulirudia tukiwa na saa mkononi, na kila mara ilikatika baada ya sekunde 32.

Dalili hizo mbili zina chanzo kimoja. Seva iliyo nyuma ya ruta huwa imeelekezwa kuandika anwani yake ya nje katika ujumbe wa SIP kila inapozungumza na simu iliyo nje ya mtandao wa ndani. Kwa kuwa haikuujua mtandao wa 192.168.20.0/24, iliihesabu ofisi ya pili kuwa ya nje. Simu, ikitii anwani iliyopewa, ikapeleka sauti kwenye intaneti badala ya handaki, ikapotea. Hata ujumbe wa ACK, unaothibitisha kwamba simu imepokelewa, ulifuata njia hiyo hiyo, na SIP huusubiri kwa sekunde 32 kisha hukata. Kwenye seva fungua sngrep, programu ya kutazama ujumbe wa SIP, tazama jibu la 200 OK (la kupokea simu), na usome mstari unaoanza na c=. Ukiona anwani ya nje hapo, umelipata tatizo.

Dawa ni mstari mmoja katika pjsip.conf, faili la usanidi wa SIP la Asterisk, yaani local_net (mtandao wa ndani) wa pili; 203.0.113.5 ni mfano tu wa anwani ya nje:

```
[transport-udp]
type=transport
protocol=udp
bind=0.0.0.0
local_net=192.168.10.0/24
local_net=192.168.20.0/24
external_media_address=203.0.113.5
external_signaling_address=203.0.113.5
```

Mstari huo tuliuweka mapema jioni, tukapakia upya usanidi, na hali haikubadilika. Tukauondoa, tukaanza kulaumu ruta, kumbe tulikuwa sahihi: kwa kawaida Asterisk haisomi upya sehemu ya transport mpaka izimwe na kuwashwa. Katika FreePBX nako, baada ya kuongeza mtandao kwenye orodha ya mitandao ya ndani, kitufe cha Apply Config hakitoshi; tumia fwconsole restart.

Ikiwa ruta ya ofisi ya pili inabadilisha anwani za simu kabla ya kuziingiza kwenye handaki, zuia ubadilishaji huo. Weka pia direct_media=no kwa kila simu, ili sauti ipitie kwenye seva, mpaka yote yatulie.

Hatua ya 5: Zima SIP ALG kwenye ruta zote mbili

Hii ni huduma ya ruta inayobadilisha ujumbe wa SIP unaopita. Izime hata kama hujaona tatizo.

Hatua ya 6: Ipe sauti kipaumbele

Simu nyingi huweka alama ya DSCP 46, ya kuomba kipaumbele, kwenye pakiti za sauti, lakini WireGuard haiihamishii kwenye pakiti ya nje. Kwa hiyo panga kipaumbele kwa poti ya handaki, ambayo mara nyingi ni 51820, na upunguze kasi ya kupakia ya ruta iwe chini kidogo ya kasi halisi ya laini ili foleni itokee mahali unapoidhibiti.

Hatua ya 7: Simu za dharura

Mtu akipiga namba ya dharura kutoka ofisi ya pili, simu inaweza kuonekana kuwa imetoka ofisi ya kwanza, na waokoaji wakaenda jengo lisilohusika. Usikabidhi kazi kabla ya kulirekebisha hili. Omba namba ya nje iliyosajiliwa kwa anwani ya ofisi ya pili, elekeza simu zake za dharura zitoke kwa namba hiyo, na umwombe mtoa huduma athibitishe anwani iliyoandikwa upande wake.