Kupanga na kupika chakula cha wiki: anza na kinachoharibika mapema

Ratiba ya chakula cha wiki huvunjika zaidi katikati ya wiki. Jumatano majani yamesinyaa, kuku aliyenunuliwa Jumamosi bado mbichi na ameanza kuteleza, na wali wa juzi hauaminiki tena. Chanzo ni kupanga kwa kufuata hamu: leo hiki, kesho kile. Panga kwa kufuata muda wa kuharibika. Hamu itapata nafasi yake baadaye, kwenye viungo na namna ya kumalizia chakula.

Kosa la pili ni kupika sahani kamili saba siku moja. Inachosha, inajaza friji, na kufika siku ya nne kila kitu kina ladha ya kupashwa. Kinachofaa zaidi ni kupika mapema zile sehemu zinazokula muda mrefu (maharage, rosti, nyama) na kuacha za dakika 20 zipikwe siku yenyewe. Wali ni mfano mzuri. Kuupika mapema hakuokoi muda wa maana, na kuuhifadhi kuna hatari yake, ambayo tutaieleza hapa chini.

Muda wa kila kitu

Friji iwe na nyuzi 4 za Selsiasi au pungufu. Kuhakikisha, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, kiache usiku kucha, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Katika friji ya namna hiyo, samaki mbichi, kuku mbichi na nyama mbichi ya kusaga hukaa siku 1 hadi 2. Nyama ya vipande vikubwa hukaa siku 3 hadi 5. Chakula kilichopikwa hukaa siku 3 hadi 4, na mayai ya kuchemsha yasiyomenywa hufika siku 7.

Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huzuia bakteria wasizaliane, ingawa haiwaui. Kinachopungua humo ni ladha na ulaini, kwa hiyo vyakula vilivyopikwa viliwe ndani ya miezi 2 au 3.

Kwa mboga, majani laini huenda siku chache tu. Kabichi na karoti huvumilia wiki moja na zaidi. Viazi na vitunguu vikae nje ya friji, mahali pakavu penye giza na hewa, kila kimoja kwenye chombo chake. Nyanya ambazo hazijaiva ziache nje mpaka ziive.

Kutoka hapo ratiba inajipanga yenyewe. Samaki na majani viliwe siku mbili za mwanzo. Vilivyopikwa siku ya mapishi viishe kabla ya siku ya nne kupita. Siku ya tano inategemea friza na mboga ngumu.

Idadi na vipimo

Panga milo mitano ya jioni, na mmoja kati yake uwe mwepesi wa kumalizia mabaki. Siku mbili ziache wazi, kwa sababu mgeni atakuja, kazi itachelewa, au watu watashiba mchana. Ratiba isiyo na nafasi ndiyo inayotupa chakula.

Kwa mtu mzima mmoja, mlo mmoja: mchele mkavu gramu 80 hadi 100, maharage makavu gramu 60, nyama isiyo na mfupa gramu 120 (yenye mfupa gramu 200 hadi 250), na mboga gramu 150 hadi 200. Kikombe 1 cha mchele hutoa vikombe 3 hivi vya wali, na gramu 500 za maharage makavu hutoa zaidi ya kilo 1 yakiiva. Wiki ya kwanza andika kilichobaki kila jioni. Kama sufuria ya wali inabaki robo kila siku, punguza robo ya mchele. Usisubiri wiki ya tatu.

Mfano wa watu wanne

Tuseme unanunua Jumamosi na kupika Jumapili. Sogeza siku kufuata kazi zako. Orodha kuu ni maharage makavu gramu 500, kuku wa vipande kilo 1, nyama ya kusaga gramu 500, vitunguu kilo 1, nyanya mbivu kilo 2, kitunguu saumu kimoja kizima, tangawizi gramu 50, karoti kilo 1, kabichi moja, viazi kilo 1, mafungu ya majani ya mlo mmoja, mayai 8, mchele kilo 2 na mafuta.

Jumatatu ni kuku wa rosti na majani. Jumanne maharage na karoti. Jumatano nyama ya kusaga, na viazi vinatiwa siku hiyo hiyo. Alhamisi mayai ndani ya rosti pamoja na mabaki yoyote. Ijumaa maharage yaliyotoka friza, na kabichi.

Nguzo ya wiki hii ni rosti. Kata vitunguu vyote vyembamba, vitie kwenye sufuria pana yenye mililita 150 za mafuta, moto wa kati, dakika 20 hadi 25 mpaka vilegee na kugeuka rangi ya dhahabu. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, koroga dakika 2, kisha nyanya zilizokatwakatwa. Acha wazi dakika 30 hadi 40, ukikoroga, mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hutoka karibu lita 1 na nusu, yaani mafungu matano ya mililita 300, fungu moja kwa kila mlo.

Hapa watu hukosea mara mbili. Wanatoa rosti mapema ikiwa bado na maji, nayo inakuwa na uchachu mkali ambao wanajaribu kuuficha kwa sukari. Dawa yake ni dakika 15 zaidi motoni. Halafu wanatia chumvi. Rosti ya akiba isitiwe chumvi kabisa, kwa kuwa kila mlo utatiwa yake, na chumvi ikizidi haitoki.

Mpangilio wa siku ya mapishi

Jumamosi usiku loweka maharage katika maji lita 2, saa 8 hadi 12. Nyumba ikiwa na joto, yaweke ndani ya friji, la sivyo yataanza kuchacha na kutoa povu.

Jumapili anza nayo. Mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya, na yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 kamili au zaidi kabla ya kupunguza moto. Usiruke hatua hii, hasa kwa maharage mekundu. Yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na mchemko mkali ndio unaoivunja. Sufuria ya umeme ya kupika polepole huenda isifike joto hilo, kwa hiyo maharage yachemshwe kwanza jikoni ndipo yahamishiwe humo. Baada ya hapo moto mdogo, dakika 60 hadi 90.

Maharage yakiwa motoni, katakata vitunguu na uanze rosti. Rosti ikiwa inaiva, osha majani, menya na kata karoti. Nyama mbichi ije mwisho kabisa kwenye kibao cha kukatia, ili majimaji yake yasiguse mboga. Kama una vibao viwili, kimoja kiwe cha nyama tu. Kuku usimwoshe kwenye sinki: matone yanayoruka husambaza bakteria hadi kwenye vyombo safi, ilhali moto utawaua hata hivyo.

Rosti ikiiva, gawa mafungu. Moja liingie kwa kuku pamoja na kikombe cha maji, dakika 35 hadi 40. Ndani ya kipande kinene joto lifike nyuzi 74. Jingine liende kwa nyama ya kusaga, ambayo kwanza imekaangwa peke yake mpaka maji yake yakauke. La Jumanne libaki kwenye friji. Ya Alhamisi na Ijumaa yaende friza, pamoja na nusu ya maharage. Kazi yote ni saa 2 na nusu hivi ukiosha vyombo katikati ya hatua.

Maharage yakikataa kulainika, kwa kawaida ni ya zamani sana, au maji yana chokaa nyingi, au yametiwa nyanya, limau au siki kabla hayajaiva. Asidi hukaza ngozi ya maharage, ndiyo maana rosti huingia baada ya punje kupondeka kwa vidole. Kwa maji magumu, robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea husaidia. Ikizidi, maharage yanakuwa uji na ladha ya sabuni.

Kupoza

Hapa ndipo madhara mengi ya afya yanapoanzia. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na sufuria kubwa iliyojaa hubaki humo katikati yake kwa saa nyingi hata ikiwa ndani ya friji. Hamishia chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, au ikalishe sufuria kwenye beseni la maji baridi ukikoroga. Chakula kiingie friji ndani ya saa 2 tangu kiive, au saa 1 kama hewa ya nje imepita nyuzi 32. Si lazima kiwe baridi kabisa. Kikiwa vuguvugu, kichache na kwenye chombo cha kina kifupi, friji itakimudu.

Wali unahitaji uangalifu wa ziada. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Wali unaobaki uupoze ndani ya saa 1 na uule kesho yake. Uliolala nje mwage.

Tahadhari nyingine ni kitunguu saumu kilichosagwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Mafuta huzuia hewa, na pasipo hewa bakteria wa botulizimu (sumu hatari ya chakula) hustawi. Kiwe kwenye friji na kiishe ndani ya siku 4, au kigandishe.

Vyombo, friza na kupasha

Kila chombo kiandikwe jina na tarehe, kwa sababu baada ya wiki mbili rosti na mchuzi wa nyama havitofautiani vikiwa barafu. Gandisha kwa kipimo cha mlo mmoja. Mchuzi hutanuka ukiganda, hivyo acha sentimita 2 juu. Mifuko itoe hewa yote, maana hewa hukausha nyama ikawa na mabaka meupe. Viazi vilivyopikwa huwa vya chengachenga baada ya friza, tango hulegea, na yai la kuchemsha hugeuka mpira. Ndiyo sababu viazi katika mfano wetu hutiwa Jumatano.

Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa. Majani yaliyooshwa yakaushwe na kufungwa kwa kitambaa safi, kwani maji yanayobaki ndiyo huyaozesha.

Chombo cha Ijumaa kihamishwe kutoka friza kwenda kwenye friji Alhamisi jioni. Fungu la nusu kilo huyeyuka usiku mmoja. Kupasha ni mpaka mvuke utoke katikati, ukikoroga, na kiasi kitakacholiwa tu, mara moja. Limau, kotimiri na pilipili mbichi vitie baada ya kuepua: harufu yake hupotea motoni, na hivyo ndivyo vinavyofanya maharage ya Ijumaa yasifanane na ya Jumanne. Siku moja yape binzari nyembamba iliyokaangwa kwenye kijiko cha mafuta, siku nyingine limau na kotimiri.

Kama huna friji

Usipike kwa wiki. Andaa kwa wiki. Nafaka, maharage na viungo nunua na upime kwa mafungu ya mlo, kila fungu kwenye mfuko wake. Samaki, nyama na majani vinunuliwe siku ya kuliwa. Usiku loweka maharage ya kesho, ukibadilisha maji kabla ya kulala kama kuna joto. Vitunguu, karoti, kabichi, viazi na mayai vinakaa nje bila shida, na milo mitatu ya wiki inaweza kusimama juu yake pekee. Pika kinachoisha siku hiyo, na anayechelewa kurudi apakuliwe kikiwa kimoto na kuwekewa kwenye chombo cha kuhifadhi joto kilichosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka.