Kitoto cha sungura na mambo ya choo ndani ya nyumba

Ukifuga sungura nje bandani mambo ya choo hayakuhusu sana, unafagia basi, lakini ukishaamua kumweka ndani, na haswa nyumba ya watu wanaoswali ambapo tone la mkojo likigusa mswala ni najisi na mama mwenye nyumba hatakuelewa, hapo lazima umfundishe tangu mdogo. Na si kazi ngumu vile watu wanadhani, sababu sungura kiasili anapenda kukojoa pembe moja. Shida ni sisi, tunataka kumchagulia hiyo pembe.

Kwa hivyo siku za mwanzo usimwachie nyumba nzima. Mzungushie kisehemu kidogo, pembe ya sebule ama karibu na mlango wa nyuma penye hewa, halafu mwangalie tu anakojoa wapi. Akirudia palepale, weka choo chake palepale, hata kama wewe ulikuwa unapataka pale kwengine. Ukihamisha choo atakojoa pembe yake ileile na choo kitabaki kimekaa kama pambo.

Choo chenyewe si lazima ununue kitu cha maana, beseni la plastiki la pembe nne latosha, bora awe anaweza kugeuka na kujinyoosha ndani, na upande mmoja uwe chini kidogo maana kitoto hakiruki juu sana. Ukikata hilo beseni lainisha ukingo usije ukamchana tumbo. Ndani tandika magazeti yaliyokunjwa, juu yake nyasi kavu, zile boma rhodes wanazouza kwa marobota agroveti. Maranda ya kwa fundi seremala ni ya bure, ndio, lakini uliza ni ya mbao gani, ya paini yenye harufu kali si mazuri kwa mapafu na maini yake. Na ule mchanga wa paka unaoshikana ukirowa achana nao kabisa, kitoto kinatafunatafuna kila kitu, akiumeza unaweza kumziba matumbo.

Sasa hapa ndo siri yenyewe: chakula kiwe chooni. Najua inachukiza lakini sungura hula huku anaachia vidonge vya kinyesi, ndo alivyo, kwa hivyo rundo la nyasi safi liweke upande mmoja wa beseni ama ulining'inize juu yake kiasi kwamba lazima aingie ndani ndo alifikie. Kama nyasi ziko kwengine, utangoja sana.

Akikojoa nje, futa na karatasi, hiyo karatasi iliyorowa itie chooni, na vidonge pia viokote uvitie mle, harufu ndo inamwonyesha mahali. Pale sakafuni pasuguliwe na siki nyeupe na maji. Usimwage jiki juu ya mkojo wala usiichanganye na siki, inatoa gesi ya kuumiza kifua, chako na chake. Ukimwona anainua mkia pembe isiyo yake msukumesukume polepole hadi chooni, na akifanya mle mpe kijani kidogo cha dania, kidogo tu maana tumbo la kitoto halijazoea majani mabichi. Kumpiga ama kumkemea hakusaidii chochote, atakuogopa wewe na hicho choo pia.

Kipindi cha kaskazi na fukuto letu hili badilisha matandiko kila siku, ukiacha kipande kidogo kilichorowa ili asisahau, la sivyo harufu ya mkojo itawatoa nyumbani. Na usiifiche kwa kufukiza udi karibu naye, moshi haumfai.

Usishtuke ukiona mkojo wa rangi ya chungwa au wekundu wekundu, mara nyingi ni kawaida tu, lakini akiwa anajikamua au unaona damu damu mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukimwona pia anainama anakula vidonge laini vilivyoshikana kama kishada cha zabibu mwache, ni chakula chake hicho, anavihitaji. Cha kuogopa ni akipitisha nusu siku hali na hatoi kidonge hata kimoja, hapo usingoje kesho.

Halafu akifika miezi mitatu minne hivi anabalehe, na yule aliyekuwa hodari ghafla anaanza kunyunyiza mkojo ukutani na kumwaga vidonge kila mahali. Si kwamba amesahau, anaweka mipaka yake. Mrudishe kwenye kile kisehemu kidogo uanze tena, na muulize daktari kuhusu kumhasi, au kumtoa kizazi akiwa jike, kwa kawaida kati ya miezi 4 na 6, ila tafuta daktari aliyewahi kumfanyia sungura kwa sababu dawa ya usingizi kwake si kama ya mbuzi. Baada ya hapo mkojo wa ukutani kwa kawaida hupungua sana, vidonge vikavu viwili vitatu njiani vitabakia, hivyo unafagia tu.